Sanamu haitembei jamani!

Kinachonikera ni mtu kuchukua lenzi ya kamera ya mirolesi (isiyo na kioo ndani), kupiga picha sanamu ya Mwalimu pale Nyerere Square saa sita mchana, kuitazama kwenye simu, kisha kutangaza, "Hii lenzi kali!" Sanamu haitembei! Na jua la Dodoma linaisaidia fokasi yoyote ile.

Ifungue lenzi hadi f/1.8 (tundu lake likiwa wazi sana) ukumbini usiku, bibi harusi anaingia akicheza, taa za rangi zinawaka nyuma yake, uone kama fokasi inabaki jichoni au inarukia mapambo. Piga 30 mfululizo, hesabu zilizokaa sawa. Pembeni mwa picha nako ukague kama hakuna ukungu, tena kwenye kompyuta.

Niliamini sifa za namna hiyo Jumamosi. Picha za kuvishana pete zote ukungu, na bibi harusi bado anaziulizia.