Jimmie Rodgers alifika Kapkatet kwa gramafoni

Nimeyasoma kwa furaha makala moja kuhusu kantri, muziki wa mashambani wa Marekani, ila siafiki pale mwandishi wake anapodai kwamba kantri ya zamani ni muziki wa Wamarekani weupe usiotuhusu sisi. Banjo yenyewe, ala ya nyuzi ambayo bila yake nyimbo za milima ya Appalachia huko Marekani zingekosa mlio wake, ilitokana na ala ambazo Waafrika waliotiwa utumwani walizitengeneza kwa vibuyu na ngozi. Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri aliyerekodiwa kwa mara ya kwanza mjini Bristol, Marekani, mwezi Agosti 1927, katika wiki ileile ambayo familia ya Carter, kundi jingine la kantri, ilianza kurekodi, alifariki kwa kifua kikuu mwaka 1933. Hata hivyo sauti yake ilifika Bonde la Ufa kwa gramafoni, na Hugh Tracey, mtafiti aliyerekodi muziki wa Afrika, alipokwenda Kapkatet nchini Kenya mwaka 1950 aliwakuta wasichana wa Kipsigis wakimwimba kwa kinubi kama kiumbe nusu mtu nusu swala, wakilitamka jina lake "Chemirocha". (Ni msanii gani wa leo atakayepata heshima ya namna hiyo?)

Mimi humpenda zaidi Maybelle Carter, mpiga gitaa wa familia ile ya Carter, kwa jinsi alivyoipiga melodia kwa kidole gumba kwenye nyuzi nene huku kidole cha shahada kikipangusa nyuzi nyembamba kushika mapigo, ufundi ambao nimejaribu kuuiga kwa miaka mingi na bado gumba langu hukwama. Anayetaka kuanza na aanzie rekodi hizo za Bristol, asikilize gitaa kabla ya maneno, wala asikerwe na mikwaruzo ya santuri.