Majumba ya sinema ya Dar: thamani iko kwenye ukumbi

Kwa Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, jengo linahesabiwa kuwa la kumbukumbu, bila waziri kulitangaza, iwapo lilijengwa kabla ya mwaka 1863. Mjadala wa kubomoa jumba la sinema katikati ya Dar es Salaam hukatwa na mwaka huo. Avalon ni ya lini? Empire? Odeon? Empress? Zote za karne ya 20. Basi sheria haizihusu, na mazungumzo yamekwisha.

Kwa herufi za sheria hilo ni kweli. Lakini mwaka wenyewe uangaliwe vizuri. Seyyid Majid, Sultani wa Zanzibar, alianza kuujenga mji huu katikati ya miaka ya 1860. Old Boma, inayotajwa kuwa kongwe kuliko majengo yote yaliyosimama mjini, ilijengwa 1866 hadi 1867. Kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu lilianza kujengwa 1897 na kukamilika 1902. Yaani mstari wa 1863 unauacha nje mji wote aliouanzisha Majid, Old Boma ikiwemo. Tena sheria hiyohiyo inaulinda mlango wa mbao wenye nakshi, wa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki, iwapo ulichongwa kabla ya 1940. Mlango wa 1939 una ulinzi. Ukuta ulioubeba hauna.

Kwa hiyo jengo la hapa mjini likitaka kulindwa kwa sheria hiyo, lazima mtu akae, aandike sababu, waziri atangaze. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 nayo inaipa mamlaka ya upangaji nafasi ya kutoa amri ya kuhifadhi jengo lenye upekee wa usanifu au historia. Umri peke yake haujawahi kuiokoa wala kuihukumu nyumba yoyote mjini hapa. Anayesema "si la kale kisheria" ametaja jambo la kweli ambalo halijibu swali.

Upande wa mwenye kiwanja una hoja nzito. Chukua kiwanja cha mita za mraba 1,200. Jumba la sinema lenye ukumbi mmoja na maduka mbele linaweza kumpa mita 1,500 za sakafu. Akijenga ghorofa kumi juu ya asilimia 60 ya kiwanja, anapata 7,200. Na sinema yenyewe ilishakufa: kaseti za video ziliipiga miaka ya 1980, televisheni ikaanza Bara mwaka 1994, na leo filamu zinaonyeshwa kwenye vyumba vidogo ndani ya maduka makubwa. Kodi ya ardhi haimsubiri mtu amalize kukumbuka ujana wake. Kumwambia mwenye mali abaki na godauni lenye jina zuri, bila kumpa chochote, ni kumtwisha yeye peke yake gharama ya kitu tunachodai ni chetu sote.

Wanaotetea majumba haya huambiwa wanalilia ukoloni. Hapo ndipo wanapoonewa. Hayakuwa majengo ya gavana. Yalijengwa na wafanyabiashara wa humu mjini, wengi wao familia za Kihindi, na yakalipwa tiketi kwa tiketi na watu wa Kariakoo, Upanga na Ilala. Palikuwa na maonyesho ya zanana, wanawake peke yao, siku ambayo mama wa nyumbani alitoka na mashoga zake bila kuulizwa. Ni sehemu chache za mji zilizokuwa na mlango mpana kiasi hicho.

Ila hoja yenye nguvu zaidi ni ya fundi, na haitajwi sana. Kinachofanya jumba la sinema liwe adimu ni ule uwazi wa ndani. Ukumbi wa upana wa mita 18, urefu 30 na kimo cha 8 hauna nguzo hata moja katikati. Paa limebebwa na kenchi za chuma kutoka ukuta hadi ukuta. Sakafu inateremka, ili jicho la aliyekaa nyuma lipite juu ya kichwa cha wa mbele kwa sentimita 6 hadi 12. Piga hesabu ya hewa: mita za ujazo 4,320 kwa watu 700 ni kama 6 kwa kila mtu. Maneno ya mchezo wa kuigiza yanataka takriban 3 hadi 5, muziki usio na vipaza sauti unataka 7 hadi 10. Ukumbi huu umekaa katikati, unafaa kwa tamthilia na unafaa kwa taarabu. Ukumbi wa harusi wenye dari ya chini, sakafu bapa na nguzo kila mita sita hauwezi hata ukitia vipaza sauti vya bei gani. Nairobi ina jumba la taifa la maigizo tangu 1952, Kampala tangu 1959. Kikundi cha Dar kikitaka kuigiza katikati ya mji mbele ya watu mia sita, mara nyingi kinakodi ukumbi wa hoteli.

Sinema haigeuki jukwaa kwa kupaka rangi, hilo likubalike. Sehemu ya mbele ya pazia ina kina cha mita mbili au tatu tu, pembeni hakuna pa wachezaji kusubiri, vyumba vya kubadilishia nguo hakuna. Njia ya kawaida ni kung'oa mistari mitano ya viti vya mbele, ambayo kwa sentimita 90 kila mmoja inatoa mita nne na nusu, kisha jukwaa likasogezwa mbele. Viti mia hivi vinapotea. Ni bei inayolipika.

Kinachoua majengo haya ni maji, na huanzia mahali pamoja: gata, yaani mfereji wa kukusanya maji ya paa, lililofichwa nyuma ya ule ukuta mrefu wa mbele uliojengwa kuficha paa. Majani na kinyesi cha njiwa huziba bomba la kushukia, mvua ya masika inajaa, na maji yakikosa njia hurudi ndani juu ya roshani. Hauonekani ufa kwanza, bali duara la kahawia kwenye dari. Baadaye nondo zinashika kutu, na kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, zege linapasuka na kudondoka vipande, hasa kwenye kile kibaraza cha zege kilichoning'inia juu ya foleni ya tiketi. Chumvi ya upepo wa bahari huharakisha yote.

Fundi mbaya hupiga plasta juu yake, na baada ya masika mbili linadondoka tena. Fundi anayejua hugonga kwa nyundo ndogo akisikiliza penye mlio mtupu, hutindua mpaka nyuma ya nondo kama sentimita mbili, husugua chuma mpaka king'ae, huongeza nondo pale iliyopo ilipoliwa sana, hujaza kwa tabaka na kumwagilia maji siku saba. Na kabla ya kugusa paa, yakaguliwe yale mabati ya saruji: mengi ya enzi hizo yana asbestosi, madini ya nyuzi ambayo vumbi lake hudhuru mapafu. Hayakatwi kwa msumeno wala kuvunjwa kwa nyundo. Hulowanishwa na kushushwa mazima.

Kuna suluhu ya katikati inayopendwa na wasanifu: bakiza uso wa barabarani wenye jina wima la Art Deco, mtindo wa mapambo wa miaka ya 1920 na 1930, bomoa vilivyo nyuma, panda ghorofa. Siiafiki. Inalinda kile kinachoweza kupigwa picha na kuchorwa upya, inatupa kile kisichorudi. Kuujenga mnara juu ya ukumbi wenyewe nako kuna gharama yake: boriti za kuvuka mita 18 zikiwa zimebeba ghorofa kumi zinataka kimo cha mita mbili au zaidi, pamoja na misingi mipya kando ya kuta ambazo misingi yake ni mifupi.

Dawa ninayoiona ni ya makubaliano. Mwenye mali aruhusiwe kuhamisha zile mita 5,700 anazozikosa kwenye kiwanja chake kingine, au aziuze kwa anayejenga kwingine mjini, kwa masharti kwamba ukumbi unabaki na milango yake inafunguka nje. Hilo linahitaji kanuni kuandikwa, na kanuni huchukua muda. Gata linazibuliwa kwa siku moja, na kazi hiyo ifanyike mwezi Februari, kabla mvua hazijaanza.