TeX Live kwenye Linux: ya distro au ya watengenezaji wenyewe?

Anayetaka kupanga tasnifu au kitabu cha hisabati kwa LaTeX, programu ya kupanga maandishi ya kuchapishwa, kwenye Linux ana njia mbili za kupata TeX Live, mkusanyiko wa LaTeX na vifurushi vyake. Anaweza kuitoa kwenye hazina ya distro yake (aina yake ya Linux, kama Debian au Ubuntu) kwa apt au dnf, amri za kusakinishia programu, au apakue kisakinishi cha watengenezaji, install-tl, aiweke mwenyewe. Programu ni ile ile. Suala ni nani anayeamua ibadilike lini.

Njia ya distro ina hoja nzito. Amri moja inatosha, programu nyingine zinazoitegemea LaTeX zinaikuta mahali pake, na marekebisho ya usalama yanakuja pamoja na ya mfumo mzima. Kwa kompyuta inayotumiwa na watu wengi chini ya msimamizi mmoja, sioni haja ya kutafuta kwingine.

Tatizo ni umri. TeX Live hutoa toleo jipya kila mwaka, lakini Debian 12, iliyotoka 2023, ilikuja na TeX Live 2022 na imebaki nayo. Ubuntu 22.04 ilikuja na ya 2021. Mchapishaji akikuletea faili la mtindo linalodai kifurushi kipya zaidi, hati inagoma. Unaikimbilia tlmgr, chombo cha kusasishia, nayo kwenye Debian hufanya kazi ndani ya folda yako ya nyumbani tu, tena inakataa kuchukua vifurushi kutoka hazina ya mwaka ulio mbele ya wake. Wengi huishia kunakili faili za .sty, yaani za vifurushi vya LaTeX, kwa mkono hadi kwenye folda yao binafsi ya texmf. Hii ndiyo tabia ninayoiogopa zaidi, kwa sababu LaTeX huzitanguliza faili hizo mbele ya zile za mfumo. Baada ya mwaka mfumo umesasishwa, faili kuukuu bado zinatumika, na ujumbe wa kosa haukuelezi chanzo.

Kusakinisha mwenyewe nako kuna gharama. Toleo kamili hula gigabaiti kadhaa, ingawa ukiacha nyaraka na misimbo chanzo linapungua sana. Lazima urekebishe PATH, orodha ya folda ambamo mfumo hutafuta programu, na apt haitambui kwamba TeX Live ipo, hivyo inaweza kukuletea nakala ya pili kwa sababu ya programu nyingine. Kila mwaka hazina hufungwa kabla ya toleo jipya, nawe unasakinisha upya.

Hoja inayotajwa sana dhidi ya njia hii ni kwamba vifurushi vinavyobadilika kila mara huvuruga hati ndefu. Ni kweli vinaweza, hata kusogeza mipaka ya kurasa. Lakini tlmgr haisasishi chochote usipoiamuru, na kila mwaka una folda yake, kama /usr/local/texlive/2024, kwa hiyo matoleo mawili hukaa pamoja bila kugombana. Utulivu wa distro unaupata huku pia. Upya wa huku hauupati kwenye distro isiyobadilika. Kwa mtu mwenye kompyuta yake, hilo kwangu linaamua.

Anayeanza tasnifu basi asakinishe toleo la mwaka huu, auandike mwaka huo juu ya faili kuu ili msimamizi wake wa masomo aujue, kisha asilisasishe lote kwa mkupuo. Akihitaji kifurushi kimoja kipya, maadamu hazina ya mwaka huo haijafungwa, tlmgr itasasisha hicho na vile kinavyovitegemea, bila kugusa vingine, na kuhifadhi kilichotangulia, na tlmgr restore itakirudisha mambo yakiharibika.