Nyota wa Kinshasa kwenye sikukuu ya kampuni: tuanze na geti

Desemba 4 ni sikukuu ya Sainte-Barbe, mtakatifu mlinzi wa wachimba madini, na katika Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, miji ya migodi ya kusini mwa Kongo, siku hiyo haipiti kimya. Makampuni ya migodi hukusanya wafanyakazi, nyama huchomwa, wenye miaka mingi kazini hupewa zawadi, na kampuni yenye uwezo humwita mwanamuziki mkubwa kutoka Kinshasa. Hapo ubishi unaanza, ndani ya mabasi ya zamu na kwenye nganda, yaani baa, za Kenya na Katuba, mitaa ya Lubumbashi. Wapo wanaosema pesa za nyota huyo zingeingia kwenye mishahara. Wengine wanajibu kwamba mtu aliyekula vumbi mwaka mzima anastahili usiku mmoja wa kucheza na mke wake. Wote wanabishana juu ya bei. Mimi naona jambo zito zaidi liko kwenye geti: nani anaruhusiwa kuingia.

Hata hivyo hoja ya bei ina ukweli wake. Tuseme, kwa mfano tu, shughuli nzima imegharimu dola 60,000. Kampuni yenye wafanyakazi 3,000 ikizigawa, kila mmoja anapata dola 20, mara moja kwa mwaka. Kampuni ya watu 300 ikitumia kiasi hicho hicho, ni dola 200 kwa kila nyumba, na hapo anayelalamika ana haki kabisa. Kwa hiyo asiyetaja idadi ya wafanyakazi hajasema kitu bado. Na pale ambapo mishahara imechelewa, hesabu hizi hazina kazi: jukwaa lisisimamishwe kabla watu hawajalipwa.

Lakini shaka ya watu wa hapa haikuzaliwa na hesabu, imezaliwa na kumbukumbu. Union Minière du Haut-Katanga, kampuni ya migodi ya enzi za ukoloni iliyoanzishwa mwaka 1906, ilianza mwishoni mwa miaka ya 1920 kuwaweka wafanyakazi kambini pamoja na familia zao. Iliwapa nyumba, posho ya chakula, shule, hospitali, kwaya na mpira. Burudani ilikuwa sehemu ya usimamizi, kwa sababu mtu aliyeshughulishwa Jumapili hakutarajiwa kuleta matata Jumatatu. Desemba 1941 wafanyakazi hao hao waligoma wakidai nyongeza ya mshahara, na waliokusanyika kwenye uwanja wa mpira wa Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, wakapigwa risasi na askari. Makumi walikufa. Baadaye ikaja Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, ambayo watu waliiona kama baba na mama, hadi mwaka 2003 ilipowaondoa kazini watu zaidi ya 10,000 kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, wengi wao wakidai mishahara ya miezi mingi. Mzee aliyepitia hayo akiona taa na vipaza sauti vya kampuni, anauliza kwanza anafichwa nini. Siwezi kumlaumu.

Pamoja na hayo, furaha ya usiku ule ni ya kweli, na anayeidharau hajui maisha ya zamu. Wengi wa Lubumbashi wanafanya kazi upande wa Fungurume au Kolwezi na kulala kambini, mbali na watoto wao. Tiketi ya tamasha la nyota mkubwa, ukiongeza usafiri wa familia nzima, baba wa watoto watano haigusi. Siku ya kampuni anaingia na wote, wamevaa vizuri, na mtoto anamwona kwa macho yake yule anayemsikia kila siku redioni. Mji huu tena haujawahi kutenga muziki na mpira na kazi. Mwenda Jean Bosco, ambaye gitaa lake lilifika hadi Nairobi, alirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 huko Jadotville, Likasi ya leo, katikati ya viwanda vya shaba. Timu ya mpira ya Mazembe nayo ilibeba jina la matairi ya Englebert ilipotwaa ubingwa wa Afrika mwaka 1967 na 1968, na katika mtaa wake wa Kamalondo hakuna aliyeona kwamba kombe lile ni la kampuni. Watu wanajua kuchukua kitu cha tajiri na kukifanya chao.

Basi turudi getini. Ripoti ya mwaka 2021 ya RAID, shirika la kutetea haki za binadamu, kuhusu migodi mikubwa ya kobalti ilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya wafanyakazi wake waliajiriwa kupitia kampuni za kati, yaani sous-traitance. Wanashuka shimo lile lile na kuvaa kofia ile ile, lakini mshahara ni mdogo, na mara nyingi baji yao haifungui geti la sikukuu. Sheria ya sous-traitance ya Februari 2017 ilikusudia kuinua wafanyabiashara Wakongomani. Haikusudii kuzaa mfanyakazi wa daraja la pili. Hakuna kinachouma kama kusikia wimbo ukipigwa ng'ambo ya ukuta wa mahali ulipotoa jasho asubuhi.

Ndani nako kuna geti la pili. Wakubwa wanakaa meza za mbele, nyota anapelekwa kwao, wanapiga picha naye. Dereva wa lori anamwona kutoka nyuma ya kamba. Enzi za Gécamines makada, yaani wafanyakazi wa ngazi za juu, walikuwa na klabu zao, na vibarua walikuwa na zao, na desturi hiyo inaendelea. Kampuni ikisema imewaletea wafanyakazi nyota, basi nyota ashuke apite katikati yao nusu saa kabla ya kupanda jukwaani. Hilo liandikwe kwenye mkataba wake, pamoja na kashe, yaani malipo ya onyesho.

Kuhusu kashe, wajumbe wa sendika, yaani chama cha wafanyakazi, waulize pia wanamuziki wa hapa wanalipwa nini. Lubumbashi ina waimbaji wanaoimba Kiswahili ambacho wafanyakazi wanakisema nyumbani. Sando Marteau ni mmoja wao. Kijana wa mtaa wa Ruashi anayeitwa kufungua jukwaa mara nyingi huahidiwa kwamba ataonekana, kisha anarudi mikono mitupu na deni la nguo. Kabla ya Desemba, sendika ina miezi ya kutosha kuweka mezani mambo mawili: orodha ya getini yenye majina ya wa sous-traitance pamoja na mabasi yao ya kurudi, na malipo ya wasanii wa mji yanayotolewa siku ile ile nyota wa Kinshasa anapolipwa.