Mtoto wa miaka 11 asifungwe kwenye mchezo mmoja

Mzazi mwenye mtoto wa miaka 11 anayejua kupiga chenga huambiwa mapema sana: mtoe kwenye mambo mengine, mpeleke akademi, acheze soka tu, muda haumsubiri. Ushauri huu una hoja, na si haki kuubeza. Lakini kwa michezo mingi inayochezwa kwetu naamini unamgharimu mtoto kuliko unavyompa.

Wanaoutetea hawakosi mifano. Nadia Comăneci alipata alama 10 kamili kwenye jimnastiki, Olimpiki ya Montreal 1976, akiwa na miaka 14. Umri huo usingewezekana kama hangeanza akiwa mdogo kabisa. Lionel Messi aliingia Barcelona akiwa na miaka 13. Na kwetu ipo hoja nzito zaidi ya hizo, ya mfukoni. Familia inayojibana kupata nauli ya mazoezi ya mchezo mmoja haiwezi kulipia mitatu, na soka ndilo mchezo ambao mtaani kila mtu amewahi kumwona kijana akitoka nalo kimaisha. Mzazi anayeweka nguvu zote hapo anapiga hesabu yake kwa kile alichonacho.

Tatizo ni kwamba jimnastiki si soka, wala si riadha. Kule kilele huja mapema zaidi. Huku mchezaji hukomaa baada ya miaka 20, na njia ya kufika hapo ni ndefu kuliko watu wanavyodhani. Mkenya Faith Kipyegon alikuwa anacheza soka shule ya msingi. Mbio zilimpata shuleni, kwenye kipindi cha michezo. Mwaka 2011, akiwa na miaka 17, alikuwa bingwa wa dunia wa vijana wa mbio za nyika, tena akikimbia peku. Leo ana dhahabu tatu za Olimpiki za mita 1,500, kuanzia Rio hadi Paris. Mkenya mwenzake Ferdinand Omanyala naye alikuwa mtu wa raga kabla ya kugeukia mbio fupi, na Septemba 2021 pale Kasarani, Nairobi, akakimbia mita 100 kwa sekunde 9.77, rekodi ya Afrika.

Kuna mfano wetu Watanzania ambao huletwa kupinga hoja hii. Hasheem Thabeet alianza mpira wa kikapu akiwa na miaka 15 hivi, na mwaka 2009 akachaguliwa wa pili kwa jumla kuingia NBA, ligi ya kikapu ya Marekani. Hakudumu kule kama ilivyotarajiwa, na wapo wanaosema ni kwa sababu alichelewa kuanza. Inawezekana ilichangia. Lakini Joel Embiid wa Cameroon alianza kikapu katika umri huohuo, akitokea kwenye soka na mpira wa wavu, na mwaka 2023 akatwaa tuzo ya mchezaji bora wa ligi hiyohiyo. Kuchelewa peke yake hakutoshi kueleza yaliyomkuta Thabeet.

Faida yenyewe inaonekana uwanjani. Netiboli hairuhusu kukimbia na mpira, na ukiudaka una sekunde tatu tu za kuuachia. Msichana anajifunza kutua, kutulia na kujua mwenzake yuko wapi kabla mpira haujamfikia. Mpeleke kwenye kikapu uone. Kipa aliyecheza mpira wa mikono huja na mikono isiyoogopa shuti la karibu. Bahati mbaya shule zetu nyingi bado zinagawa tu: wavulana soka, wasichana netiboli, basi.

Halafu kuna mwili. Mifupa ya mtoto ina sehemu laini ambazo ndizo zinazorefuka, na misuli inapovuta hapohapo kila siku, panauma. Maumivu yale chini ya kifuniko cha goti, yanayowapata watoto wa miaka 10 hadi 15, mengi yana asili hiyo. Mwaka 2016 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilishauri mtoto asubiri hadi miaka 15 au 16 kabla ya kubaki na mchezo mmoja, apumzike siku moja au mbili kwa wiki, na kwa mwaka akae nje ya mchezo wake jumla ya miezi mitatu.

Hapo kwenye kupumzika ndipo sisi wenyewe tunapoharibu. Kwenye mashindano ya shule za kata nimeona binti akikimbia mita 400 asubuhi, akaitwa kwenye mpira wa mikono jua la saa sita, na alasiri akawekwa netiboli, goti limefungwa kitambaa. Mwalimu alikuwa anamsifu kwamba ni kiraka, anajua kila kitu. Kilichokuwa kinafanyika pale ni kumtumia mtoto mmoja badala ya kuandaa wengine. Faida ya michezo mingi hupatikana inapopishana kwa misimu. Ikirundikwa siku moja, mwili unaumia kuliko hata kwenye mchezo mmoja.

Kenya imegawa michezo ya sekondari kwa mihula: kikapu, magongo na mpira wa mikono muhula wa kwanza, soka, wavu na netiboli muhula wa pili. Mwanafunzi anaweza kucheza miwili bila kugawanywa vipande. Mfumo wetu wa UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari Tanzania, hukusanya michezo mingi kwenye mkusanyiko mmoja, na sababu inaeleweka, kwani kusafirisha wanafunzi mara mbili ni gharama. Kama fedha haziruhusu kutenganisha misimu, walimu wa michezo wanaweza angalau kukubaliana, kuanzia ngazi ya kata, kwamba mwanafunzi mmoja asicheze michezo miwili siku moja. Hilo halihitaji bajeti. Linahitaji mwalimu aliye tayari kukubali kufungwa mechi moja ili goti la yule binti lipone.