Kisumu, mbona tunaziba mapaji ya majengo yetu?

Ukitaja majengo ya kihistoria Kenya hii watu wanakimbilia Lamu na Fort Jesus, na Lamu inastahili kabisa, lakini inaniuma vile sisi wa Kisumu tunapita Oginga Odinga Street kila siku kama hakuna kitu pale. Hebu simama ng'ambo ya barabara uinue macho. Chini ni simu, viatu, dawa, M-Pesa. Juu kwa paji la jengo, yaani ule ukuta wa mbele karibu na paa, kuna herufi na tarakimu za plasta, jina la aliyejenga na mwaka, zimepakwa rangi juu ya rangi mpaka kona zake zimekuwa butu, na mahali pengine unasoma 19 halafu basi, tarakimu mbili zilizobaki zimemezwa na bango na bolti zake zimetoboa hapo hapo.

Reli ilifika hapa Desemba 1901, wakati huo mahali pakiitwa Port Florence. Wafanyabiashara wa Kihindi wakajenga, duka mbele, familia nyuma. Na ule mnara wa saa ambao kila mtu anaambia boda amshushie hapo, wangapi wamewahi kusoma kibao chake? Ni kumbukumbu ya Kassim Lakha, mtu aliyefika Afrika Mashariki 1871 akafia Kampala 1910, wanawe ndio waliujenga na ukafunguliwa 1938.

Najua kuna wale watasema hayo ni mambo ya Wahindi na wakoloni, yabomolewe tu, mji usonge mbele. Sikubali. Nani alichonga yale mawe, nani alikoroga simenti na kuibeba begani? Ni watu wetu, na hakuna paji lililoandikwa majina yao, kwa hivyo tukibomoa ukuta tumefuta hata ile alama moja ya kazi yao iliyobaki.

Halafu tuongee kuhusu varanda, maana hapa ndipo roho yangu iko. Waliojenga walilijua jua la Kisumu na ile mvua ya jioni inayokuja na upepo kutoka ziwani, wakaweka varanda mbele ya duka, nguzo kwa nguzo, ili mtu atembee kwa kivuli akitoka duka hili kwenda lile. Fundi wa cherehani anaweka mashine yake hapo, mama na mtoto wanajikinga mvua hapo, hakuna anayeulizwa umekuja kununua nini. Sasa wenye maduka wengine wanaziba, wanaweka kioo na grili mpaka ukingo wa lami ili wapate futi chache za kupanga bidhaa, na wewe unashuka barabarani kupigana na tuktuk. Hiyo naona ni kunyang'anywa kitu, hata kama hakuna aliyelalamika.

Vichochoro vya nyuma navyo tumeviacha viwe jaa la taka. Kwenye miji yetu ya zamani, kabla ya mabomba ya maji taka, vilikuwa njia ya wale waliobeba ndoo za choo usiku, kazi chafu ambayo bila yao mji haungekalika. Nao hawana kibao popote.

Sheria ipo tangu 2006, ile ya makavazi na turathi, inaruhusu jengo kutangazwa kwenye gazeti rasmi la serikali na kulindwa. Lakini hiyo njia ni ndefu, na bango jipya linapigwa misumari kwa asubuhi moja. Mimi ningeanza na kitu rahisi. Kaunti tayari inatoza ada za mabango, basi kwa kile kibali iongeze masharti matatu, bango likae chini ya paji, mwaka na jina visiguswe, na varanda isizibwe. Mwenye duka bado ataonekana, mteja bado atamfikia, na gharama yake ni kuteremsha bango mita moja hivi.