Utamu ukolee kwanza

Fanani akisema "Hadithi, hadithi!", wasikilizaji humjibu: "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea." Michezo mingi ya redio ya kuelimisha hupunguza uongo na utamu vyote viwili, ikabaki hotuba ya daktari iliyogawiwa watu watatu. Halafu tunashangaa redio ikizimwa.

Kielelezo ninachokirudia ni mchezo wa Twende na Wakati, uliorushwa na Radio Tanzania kuanzia 1993, mara mbili kwa wiki, nusu saa kila kipindi, kuhusu uzazi wa mpango na UKIMWI. Ulifuata njia aliyoibuni Miguel Sabido, mtayarishaji wa tamthilia za televisheni, huko Mexico miaka ya 1970. Wahusika ni wa aina tatu: anayeshika mwenendo unaotakiwa, anayeupinga, na anayeyumba katikati. Kazi yote iko kwa huyu wa tatu. Nesi asiyekosea hana anayejiona ndani yake, ila Tunu, mke wa dereva wa lori Mkwaju, anavumilia kwanza na kujifunza kujisimamia polepole.

Polepole hiyo ndiyo inayowashinda waandishi wengi. Mwenye vipindi 13 humgeuza mhusika kufikia cha nne, kwa sentensi moja: "Nimeamua kwenda kliniki." Hakuna anayeamua hivyo. Mwache afunge nauli kwenye pindo la khanga, afike kituoni, amwone wifi yake kwenye benchi, ageuke, na nyumbani aseme foleni ilikuwa ndefu. Kipindi kinaishia hapo, na wiki nzima watu wanabishana kisimani kama atarudi.

Mpinzani naye ana hatari yake. Ukimpa vichekesho vyote vizuri, vijana watamwiga yeye. Usimnyang'anye ucheshi, ila madhara yatokane na matendo yake na yaanze kuonekana mapema. Kumuua kwa ajali ya basi kipindi cha mwisho ni uvivu.

Ninachokiheshimu zaidi katika Twende na Wakati ni jinsi matokeo yake yalivyopimwa. Hadi 1995 kituo cha Dodoma hakikuurusha mchezo huo. Kilirusha vipindi vyake. Watafiti, Everett Rogers na Peter Vaughan wakiwemo, wakapata mahali pa kulinganisha, kisha wakaangalia tena baada ya Dodoma nayo kuanza kuusikia. Siku hizi ripoti zinahesabu "waliofikiwa", yaani watu wote wanaoishi mawimbi yanapopita, wakiwemo waliolala.

Mradi mdogo nao unaweza kupima. Chagua kata mbili zinazofanana, moja isiyopata matangazo, na uulize maswali yaleyale kabla na baada. Kliniki iongeze safu moja kwenye daftari: "Nini kimekuleta leo?" Muhudumu asitaje redio. Akiuliza "Umesikia mchezo wetu?", mgeni kwa adabu tu atasema ndiyo, na takwimu zako zimeharibika.

Na kabla ya kipindi cha kwanza, mtu aende akafungue kabati la dawa la kituo kile mnachokitangaza. Tunu akishapata ujasiri wa kufika, akaambiwa sindano zimeisha arudi mwezi ujao, mtakuwa mmemfundisha kubaki nyumbani. Kabati likiwa tupu, ahirisheni mchezo.